Miezi 11 Marseille, mji wenye bahari isiyopwa

Wakuu, habari za siku nyingi. Kuna wadau waliniomba niandike kuhusu Marseille, nikaahidi, kisha nikapotea. Nimesharudi Tanga, mabegi nimefungua, sasa nina nafasi. Nilikaa miezi 11 nikisoma mambo ya bahari katika kampasi ya Luminy, kule kusini mji unakoishia na majabali kuanza. Habari za watalii sitaandika, zimejaa kila mahali. Nitaandika niliyoyaona nikienda kununua mkate na nikirudi. Nitaweka kwa vipande, mnivumilie.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba bahari yao haipwi.

Sisi tuliokulia Tanga saa yetu ya kwanza ni maji. Siku za bamvua yanakimbia mbali, kina mama wanashuka na vijiti kuchokoa pweza, ngalawa zinalala ubavu kwenye mchanga, na baada ya saa 6 bahari imerudi mlangoni. Tofauti inapita mita 3. Sasa wiki ya kwanza nikaenda Vieux-Port, bandari ya kale iliyo katikati ya mji, nikakaa ukutani asubuhi. Nikarudi jioni. Maji palepale. Kesho yake, palepale. Mediterania ni kama beseni lenye mlango mwembamba kule Gibraltar, na kupwa na kujaa kwa Marseille ni sentimita 20 au 30 tu. Lakini darasani unaambiwa, macho hayakubali. Kilichonifanya nikubali ni kamba za mashua. Zimefungwa fupi, fupi kabisa! Funga mashua hivyo kwenye gati letu, maji yakipwa utaikuta inaning'inia kama kanzu kwenye msumari.

Barabara ya pwani inaitwa Corniche, basi namba 83 linapita hapo. Kando yake kuna kijumba kinachopima usawa wa maji tangu miaka ya 1880. Wastani wa bahari uliopatikana pale kati ya 1885 na 1897 ndio sifuri ya Ufaransa bara. Mlima wowote, hata Mont Blanc, urefu wake unahesabiwa kuanzia hapo. Nilikipita mara nyingi nikidhani ni choo cha manispaa.

Halafu upepo. Kwetu kaskazi ni upepo wa joto, majahazi yalikuja nao kutoka Uarabuni. Upepo wao wa kaskazini unaitwa mistral, unashuka na bonde la mto Rhône, mkavu na wa baridi, ukikupiga wewe unatembea umeinama kama unatafuta sarafu. Ubaya wake ni kwamba unafagia mawingu yote. Unachungulia dirishani unaona jua la kuanikia mpunga, unatoka na fulana. Kosa hilo nililifanya mwezi wa 11, mara moja tu. Hata majira ya joto hauachi watu. Ukivuma siku mbili unasukuma maji ya juu, yale yaliyopata moto, mbali na pwani, na ya chini yenye baridi yanapanda. Jumamosi umeoga kwenye nyuzi 24, Jumatatu unatia mguu unautoa mbio, 16.

Mwana Pangani aliandika:
Mkuu, kama maji hayapwi, wando, zile nyua za kutegea samaki maji yakipwa, wanaweka wapi? Hao wanavua vipi?

Mkuu, wando hakuna. Nyavu, ndoano na mashua ndogo. Asubuhi wavuvi wanapanga meza zao hapohapo gatini Vieux-Port, samaki wengine bado wanaruka, na wauzaji wengine ni kina mama wenye midomo hasa, ukishika samaki bila kununua utasemwa mpaka ukome. Ila soko lenyewe ni meza chache. Ukizoea soko letu la samaki la Deep Sea utauliza soko liko wapi. Pweza wapo, ngisi wapo. Kuna samaki mwekundu mwenye miiba na uso wa hasira, rascasse, huyo ndiye wa bouillabaisse. Zamani ulikuwa mchuzi wa mvuvi, wa samaki waliokosa mnunuzi. Leo ukiuagiza hotelini utalipa hela ya kula wiki nzima.

Na wanakula wale wadudu weusi wa miiba wanaotuchoma nyayo miambani. Wallahi. Mwezi wa 1 na wa 2, katikati ya baridi, wanampasua kwa mkasi, wanachota mayai yake ya rangi ya chungwa kwa kipande cha mkate, mabichi. Nilijaribu. Ni kama kumeza wimbi.

Tuendelee. Salamu.

Mara ya kwanza kuingia duka la mikate nilikuwa nimekariri sentensi yangu njia nzima. Nikafika, nikaitema: nataka mkate mmoja. Mama muuzaji akanitazama, akasema, "Bonjour." Nikadhani hakusikia, nikarudia: mkate mmoja. Akarudia naye, kwa sauti zaidi, "BONJOUR." Foleni nyuma yangu kimya. Ndipo nikaelewa nimeingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Hakuna jambo lolote utakalolifanya mji ule kabla ya neno hilo, iwe dukani, hospitali au kwenye lifti. Kwenye basi unamsalimia dereva ukipanda, na ukishukia mlango wa nyuma unapiga kelele ya asante asikie. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyohivyo, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Sijui adabu niliiacha uwanja gani wa ndege.

Kifaransa nilichojifunza Dar kilikuwa cha Paris, maneno yamekatwa mikia. Marseille wanaitamka ile "e" ya mwisho ambayo Paris wanaimeza. Petite inakuwa pe-ti-te, silabi tatu kamili, na pain, yaani mkate, unasikia kama "peng". Kwangu ilikuwa nafuu kubwa, neno liishie na vokali, ndiyo dunia niliyoizoea. Nikawa naongeza vokali hata pasipostahili na hakuna aliyecheka. Aliyechekwa darasani ni kijana aliyetoka Paris.

Wana maneno yao pia. Fada ni mwehu wa kupendeza. Dégun ni "hakuna mtu". Peuchère ndiyo ile "masikini weee" ya shangazi zetu, inatumika vilevile, hata kwa kumhurumia mtu huku unamsema. Na wanatia chumvi, Ufaransa nzima inawajua kwa hilo. Kuna msemo wao juu ya dagaa aliyeziba bandari. Asili yake ni meli iliyoitwa Sartine, ilizama mlangoni mwa bandari mwaka 1780. Herufi moja ikageuka, meli ikawa sardine, yaani dagaa, na sasa kila mwenye kusimulia makubwa anaambiwa huyo ndiye dagaa wake.

Kahawa wanakunywa chungu, kikombe kidogo, wamesimama kaunta, wanabishana mpira. Ukiondoa kashata na deli la mkaa, ni kijiwe cha kahawa kabisa. Timu ni moja tu, OM, yaani Olympique de Marseille, na mada ni moja: mwaka 1993, Munich, Milan wakapigwa 1-0 kwa kichwa cha Basile Boli, Kombe la Ulaya likaja kusini. Nilipofika miaka zaidi ya 30 imepita na mtu anakusimulia kona ile kama ilipigwa jana. PSG, timu ya Paris, walipokuja kulichukua 2025 jibu la Marseille lilikuwa kaulimbiu yao ya siku zote, kwamba wao ni wa kwanza milele.

Wazee wanacheza pétanque, yale matufe ya chuma yanayorushwa kwenye vumbi, anayekaribia kitufe kidogo ndiye mwenye pointi. Mshindi anafika 13. Mchezo wenyewe ulizaliwa La Ciotat, mji wa jirani, mwanzoni mwa karne ya 20. Nilidhani ni mchezo wa kupumzikia. Ni wa ugomvi! Mita inatolewa mfukoni, mtu anapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi kupima milimita, mwingine anadai mita imekunjwa. Wacheza bao wa Ngamiani wakipelekwa pale watajisikia nyumbani siku hiyohiyo.

Mpita Njia aliandika:
Mleta uzi, hao ni wazungu. Waafrika je? Nasikia Marseille imejaa.

Ndiko ninakokwenda. Wamejaa Waalgeria, Watunisia, Wasenegali, lakini walionifanya nikae bila kuumwa nyumbani ni Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro.

Wa kwanza walikuja kama mabaharia, wapiga makaa kwenye meli za Kifaransa zilizopita pwani yetu, Bukini (Madagaska) na Djibouti. Meli zilimaliza safari Marseille, nao wakashuka. Baada ya uhuru wa 1975 wakafuata ndugu, kisha ndugu wa ndugu. Sasa wenyewe wanatania kwamba mji mkuu wao ni Marseille, Moroni ni tawi. Yule mwanamuziki Soprano ni mtoto wa Kingazija wa mji huo.

Siku ya pili nikaenda Noailles, soko lililo nyuma ya barabara kuu iitwayo La Canebière. Ukitoka tu kituo cha metro unakutana na mihogo, bamia, ndizi mbichi, pilipili mbuzi. Ndani ya duka moja kwenye friza nikaona kisamvu, kimetwangwa tayari, kimegandishwa kwenye mfuko. Mama muuzaji kajitanda shiromani. Nikampa hela, akapokea, akasema, "Marahaba." Nikashtuka. Sijamwamkia! Nikaona huyu mama ananisuta, mtoto gani huyu hana shikamoo. Nikamwambia haraka, "Shikamoo mama." Akacheka mpaka akashika friza. Kwao marahaba ni asante. Kuanzia siku hiyo nikiingia naamkia kwanza, tena kwa sauti, na yeye ananijibu marahaba mbili, moja ya kwetu na moja ya kwao.

Lugha zetu ni ndugu lakini zinategana hivyohivyo. Fundi kwao ni mwalimu wa dini, siyo wa bomba. Nilimwambia mtu natafuta fundi wa choo, akaniangalia kama nimekufuru. Kisamvu cha nazi wanakiita mataba. Mabawa ya kuku wanaita mabawa, hapo tulielewana bila mkalimani.

Ghorofa ya pili kwenye jengo nililokuja kupanga alikaa mzee mmoja, baharia wa zamani. Kiswahili chake cha Unguja ya miaka ya 60, safi, chenye maneno ambayo mimi nayasikia kwa bibi tu. Nikamwambia nasoma samaki. Akauliza, "Gombessa mnamjua?" Ndiye silikanti, samaki ambaye dunia ilimhesabu ametoweka na madinosaria, mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, kisha Anjouan 1952. Nikamwambia Tanga tunaye, na tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Akasema wa Tanga ni Mngazija aliyepotea njia. Nikamletea makala ya kitaalamu. Akavaa miwani, akauliza mwandishi ni mtu wa wapi, akairudisha. Tulibishana hilo miezi 5, na kila nikipita mlangoni kwake ananiuliza kama yule wangu amesharudi kwao.

Kuna kingine alinisimulia mara moja tu. Mwezi wa 6 mwaka 2009 ndege iliyotoka Sanaa, Yemen, kwenda Moroni ilianguka baharini. Abiria wengi safari yao ilianzia Marseille, wanakwenda likizo na harusi. Walikufa 152, akapona msichana mmoja. Mzee alisema kwenye jengo moja milango mitatu ilikuwa na msiba. Akanyamaza, akamwaga kahawa iliyopoa, akarudi kwa gombessa.

Harusi zenyewe ni habari nyingine. Wana ile ndoa kubwa, ada, ambayo mtu asipoifanya, kijijini hahesabiki mtu mzima hata awe na wajukuu. Dhahabu, ng'ombe, vyakula, pesa zinatunzwa hadharani. Mtu anasafisha ofisi alfajiri miaka 20 ili akafanye ada ya wiki mbili. Vijana waliozaliwa Ufaransa wananung'unika, kisha wanachanga. Hapohapo kila kijiji kina chama chake Marseille, na shule, barabara na umeme wa vijijini kule Ngazija vimejengwa sana na vyama hivyo, kwa sahani za biriani zinazouzwa Jumapili kwenye kumbi. Mimi ada siipendi, ni mzigo. Lakini michango yao inafika na hesabu inasomwa mbele ya watu, hilo niliwavulia kofia.

Dada wa Mtwara aliandika:
Kaka, vipi kupanga nyumba? Mdogo wangu anakwenda mwezi wa 9.

Dada, mwambie aangalie ngazi kwanza, chumba baadaye. Nyumba za katikati ya mji nyingi ni kuukuu, ufa unafunikwa rangi. Rue d'Aubagne, hatua chache kutoka soko la Noailles, tarehe 5 Novemba 2018 majengo mawili yaliporomoka, watu 8 wakafa, na baada ya hapo maelfu wakahamishwa kwenye majengo mengine yaliyoonekana hatari. Wapangaji wakongwe wanakagua kuta kama mafundi.

Halafu karatasi. Hapo pwani inaisha, Ufaransa inaanza. Ili upange unatakiwa uwe na mdhamini mwenye kipato, mara nyingi mara 3 ya kodi, na awe anaishi Ufaransa. Mwanafunzi mgeni hana. Aombe Visale kwenye mtandao, ni dhamana ya bure, afanye kabla hajapanda ndege. Viza ya muda mrefu athibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu afike, asisubiri. Mimi ofisi moja iliniambia bila akaunti ya benki hatukupi chumba, benki moja ikaniambia bila anwani ya chumba hatukupi akaunti. Niliwapigia simu wote wawili siku moja, kila mmoja akaniambia sheria iko wazi. Aliyenitoa ni mzee wa ghorofa ya pili. Aliniandikia barua ya kwamba nakaa kwake, akaambatisha bili ya umeme na nakala ya kitambulisho, na karatasi hiyo moja ikafungua milango yote. Inaitwa attestation d'hébergement, mwambie mdogo wako alijue jina hilo kabla hajajua jina la rais wao.

Na ajiandae na barua. Ukitaka kuhama au kukatisha mkataba unatuma barua ya rejista, unasubiri karatasi irudi na saini. Kuna mwenye nyumba aliniomba hundi. Hundi, wakuu! Mimi niliyezoea kulipa nyanya kwa simu.

Atie nguo nzito. Kuna wanaosema kusini hakuna baridi, hao hawajapigwa na mistral.

Mpita Njia aliandika:
Usalama? Mbona tunasikia risasi kila siku.

Zipo, sitaficha. Biashara ya dawa za kulevya kwenye mitaa ya ghorofa ya kaskazini inaua vijana, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya sana. Wanaokufa wengi ni watoto wa mitaa hiyohiyo. Kule ndiko alikokulia Zidane, La Castellane, na ndiko wanakoishi wengi wa hao wanaofagia hospitali na kuchangia shule za Ngazija. Nilikwenda mara nyingi kwenye shughuli, nikala, nikarudi na basi la mwisho. Mimi binafsi nililizwa simu kwenye metro, mchana, na kijana aliyevaa vizuri kuniliko. Kuhusu ubaguzi, mara 3 nilisimamishwa njiani na polisi nionyeshe karatasi huku wazungu waliokuwa mbele yangu wakipita. Mara ya tatu bibi mmoja wa Kifaransa mwenye kikapu alirudi nyuma, akasimama karibu yangu, akasema na yeye anataka kukaguliwa. Walimwambia aende. Hakwenda mpaka niliporudishiwa karatasi zangu. Kisha akaniambia peuchère.

Mwana Pangani aliandika:
Zawadi ulituletea nini?

Nilileta sabuni. Sabuni ya Marseille ina jina duniani, kipande cha mraba kimepigwa muhuri wa 72% za mafuta, ya kijani ni ya mzeituni. Nilibeba vipande 8, vizito kama matofali, nikalipia kilo za ziada uwanja wa ndege. Mama akafungua karatasi, akanusa, akakigeuza. Akauliza, "Mwanangu, Tanga hii ulikosa sabuni ya mche?" Anafulia.